Wito Umefika? Tarishi, Karatasi na Arifa za Mahakama Mashariki mwa Uganda

Jioni moja shangazi yangu alikuja hosteli ninakoishi hapa Mbale, simu mkononi, na nilipompa kiti hakuketi. Shangazi anauza vitunguu sokoni, na kwa miaka kadhaa amekuwa mdaiwa katika kesi ya kiwanja alichoachiwa na babu chini ya mlima Wanale. Karani wa wakili wake alikuwa amempelekea kwa WhatsApp picha ya barua pepe kutoka kwenye mfumo wa mahakama. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari minne au mitano tu: namba ya kesi, majina ya pande mbili, na maneno kwamba hati mpya imewasilishwa katika shauri hilo.

"Mwanangu, niambie tu," alisema. "Wameshakichukua kiwanja?"

Hakuna aliyekuwa amechukua chochote. Upande wa pili ulikuwa umeweka hati ya kujibu, jambo la kawaida katika kesi yoyote. Lakini shangazi alikuwa ameipokea picha ile tangu usiku uliotangulia, na hakulala. Nilimsomea, nikamweleza, akanywa chai, akarudi nyumbani. Miezi michache baadaye ilitumwa arifa nyingine, safari hii yenye uzito kweli, na hiyo haikumfikia kabisa. Nitairudia mbele.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na historia, si wa sheria. Lakini tangu jioni ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naona ni la historia zaidi kuliko la sheria: mahakama inaposema imemwambia mtu, huwa imefanya nini hasa? Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba hapa mashariki mwa Uganda njia za kumwita mtu shaurini zimebadilika mara nyingi kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, na kila njia mpya imeipa mahakama ushahidi bora kwamba imetuma. Kama mtu aliyetumiwa amejua ni swali jingine. Hilo limeendelea kutegemea mtu wa katikati, na mara nyingi mtu huyo haandikwi popote.

Nianze na kwetu. Kabla ya mahakama za karatasi, Wagisu walikuwa na namna yao ya kufanya jambo lijulikane, na mfano mzuri bado tunao. Katika miaka isiyogawanyika na mbili hakuna tohara; katika miaka inayogawanyika, vijana wa imbalu hutembea kwa ndugu zao wakicheza, njuga zimefungwa mapajani, wakienda kwa wajomba, kwa shangazi, kwa marafiki wa baba. Wengi huona ni ngoma tu. Lakini ukiangalia vizuri ni taarifa: kijana anatangaza kwamba siku yake inakuja, na kila anayehusika anaambiwa kwa macho na masikio, nyumbani kwake. Baadaye hakuna mjomba anayeweza kusema hakujua. Mashauri ya ardhi na mahari nayo yalikaliwa na wazee wa ukoo, na mtu aliitwa kwa mdomo na mtu anayemfahamu. Sidai kwamba haki ilitendeka kila mara chini ya mti ule. Mwanamke kama shangazi yangu huenda asingepewa hata nafasi ya kusema. Ninachosema ni kwamba kutuma na kujua vilikuwa kitu kimoja, kwa sababu aliyetumwa alisimama mbele ya anayeitwa mpaka aone kwamba ameelewa.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa karne ya 20. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyefanya kazi pamoja na Waingereza, aliingia sehemu hizi na watu wake, akajenga ngome zake na hatimaye kuuanzisha mji wa Mbale. Mwaka 1906 Waingereza walimhamishia Jinja kuongoza baraza la Busoga, akakaa huko mpaka 1913. Kwa hiyo miji hii miwili, Jinja na Mbale, ilipitia mikononi mwa mtu mmoja, na ikaachiwa ngazi za utawala za aina moja: saza, gombolola, muluka. Majina hayo ni ya Kiganda, na lugha ya baraza nayo ilikuwa Luganda. Mgisu wa mlimani aliitwa shaurini kwa lugha ya mgeni, na aliyemletea habari alikuwa mtu wa mkuu wa gombolola. Hapo ndipo naona ufa wa kwanza. Mtu wa katikati hakuwa tena ndugu wa anayeitwa. Alikuwa mtumishi wa anayeita.

Kiswahili nacho kina sehemu yake katika hadithi hii, na haipendezi sana kwetu tunaokisoma. Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Aliyebisha hodi alfajiri kumchukua mtu alisema Kiswahili, na hata leo ukizungumza Kiswahili sanifu kijijini kuna mzee atakayekuuliza kama umetoka kambini. Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, wenzangu darasani walifurahi, nami nilifurahi, lakini nilimkumbuka babu. Alikuwa anajua maneno machache tu ya Kiswahili, na karibu yote yalikuwa amri.

Juu ya mabaraza ya machifu ilikaa sheria iliyoandikwa. Amri ya Kifalme ya mwaka 1902 ilianzisha Mahakama Kuu ya Uganda na kuleta sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 11 Agosti mwaka huo. Lakini namna ya kuendesha kesi ya madai haikutoka London moja kwa moja. Ilipitia India. Ukiweka Kanuni zetu za Mwenendo wa Madai kando ya sheria ya India ya mwaka 1908, utaona Amri ya Tano katika zote mbili inahusu jambo moja, yaani kutoa na kupeleka wito. Kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya vijiji vya bara Hindi ndizo zilizokuja kumtafuta mtu kwenye miteremko ya Masaba.

Nimeisoma Amri hiyo ya Tano mara nyingi kuliko kitabu chochote cha fasihi mwaka huu, na nimeipenda bila kutarajia, kwa sababu waliyoiandika walikuwa watu wenye mashaka. Wanaanza na hali iliyo bora: tarishi wa mahakama ampe mdaiwa mwenyewe, mkononi, nakala yenye muhuri, na mdaiwa atie sahihi kwenye wito wa asili kukiri kwamba ameipokea. Kisha wanajiuliza: je, kama hayupo? Apewe wakala wake, au mtu mzima wa familia anayeishi naye. Kama anakataa kutia sahihi, au haonekani kabisa? Nakala ibandikwe kwenye mlango wa nje wa nyumba anamoishi. Na kama mahakama imeridhika kwamba anajificha, nakala moja ibandikwe mahali pa wazi katika jengo la mahakama na nyingine kwenye nyumba aliyokaa mara ya mwisho. Baada ya hayo yote tarishi lazima aape kwa maandishi: alifika saa ngapi, alifanya nini, na ni nani aliyemwonyesha mtu au nyumba ile.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonisimamisha. Sheria inataka jina la aliyemwonyesha. Tarishi kutoka mjini hawezi kumjua kila mtu, kwa hiyo lazima awepo mwenyeji wa kunyoosha kidole na kusema "yule pale" au "mlango ni ule". Siku hizi mara nyingi ni mwenyekiti wa LC wa kijiji. Mabaraza hayo yalianza kama Mabaraza ya Upinzani baada ya 1986, yakapewa mamlaka ya kusikiliza kesi ndogo mwaka 1988, na leo ukimwona mgeni mwenye bahasha ya kaki kijijini, kituo chake cha kwanza ni kwa mwenyekiti. Kanuni za kikoloni, kwa mashaka yao yote, zilikubali kwamba bila mtu wa katikati wito haufiki, na zikamlazimisha tarishi amtaje.

Muda nao una meno. Wito ukishatolewa, mdai ana siku 21 za kuufikisha. Akishindwa, ana siku 15 nyingine za kuomba aongezewe. Asipoomba, kesi inafutwa, na kanuni inasema inafutwa bila kumwarifu. Nilicheka niliposoma hivyo: amri nzima inahusu kuarifu watu, kisha inamaliza kwa adhabu isiyo na taarifa. Kwa upande wa mdaiwa, akishapata wito ana siku 15 za kuweka utetezi wake. Akinyamaza, kesi inaweza kuendelea bila yeye na hukumu ikatoka upande mmoja. Ndiyo maana swali la kama wito ulifika si la makarani peke yao. Siku hizo 15 zinahesabiwa tangu wito ulipofika. Ukikosea siku ya kuanzia, umepoteza shamba.

Katika karne ya karatasi palikuwa na uongo mwingi. Mwanasheria mmoja aliyekubali kuzungumza nami alisema kwamba siku zake za mwanzo kila mtu alijua kuna viapo vilivyoandikwa hotelini, tarishi akinywa chai na kuapa kwamba amepanda mlima. Mdaiwa naye aliweza kudanganya: karatasi ameiona, ameikunja, ameitia chini ya godoro, na mahakamani anaapa kwamba hajawahi kumwona tarishi maishani mwake. Neno la mmoja lilisimama dhidi ya neno la mwingine, na hakimu alipaswa kuamua nani ana uso wa ukweli.

Kutoka kwenye mabishano ya namna hiyo ilitoka hukumu ambayo, kwangu mimi, ndiyo muhimu kuliko zote katika habari hii. Ni Rufani ya Madai namba 7 ya mwaka 2005 katika Mahakama ya Juu ya Uganda. Jaji Joseph Mulenga alitofautisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa kwa muda mrefu. Upo ufikishaji wa wito ambao ni halali, kwa maana kwamba hatua zote za kanuni zimefuatwa. Na upo ufikishaji wenye matokeo, yaani ule uliotimiza lengo lake, na lengo ni mdaiwa ajue kwamba ameshtakiwa ili aweze kujitetea. Wito unaweza kupelekwa kihalali kwa wakala au kwa tangazo, na bado usiwe na matokeo, kwa sababu habari haikumfikia mhusika. Ni maneno machache, lakini yanaifungua Amri ya Tano na kuonyesha kilichomo: kutuma ni jambo moja, kujua ni jingine, na sheria haiwezi kujidai kwamba la kwanza ni la pili.

Sasa nifike kwenye simu. Kabla ya korona Uganda ilikuwa tayari na maelekezo ya mwaka 2019 kuhusu kutumia teknolojia katika mahakama, lakini wengi waliyaona kama mapambo. Mwezi wa Machi 2020 Jaji Mkuu Bart Katureebe alisimamisha vikao vingi kwa sababu ya ugonjwa, na ghafla barua pepe ikawa mlango wa mahakama. Hukumu kadhaa za kipindi hicho zina mstari mwishoni unaosema zimetolewa kwa barua pepe kwa mawakili. Tarehe 1 Machi 2022, wakati wa Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, ulizinduliwa mfumo wa kielektroniki wa kusimamia kesi unaojulikana kwa kifupi chake, ECCMIS. Ulianza na Mahakama ya Juu, Mahakama ya Rufani na baadhi ya mahakama nyingine, kisha ukaendelea kupanuliwa kidogo kidogo. Mwaka mmoja tu kabla ya uzinduzi, Januari 2021, nchi nzima ilikatiwa intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Sijui kama waliopanga mfumo walilijadili hilo. Mimi nisingeacha kulifikiria.

Mfumo unafanya kazi hivi, kwa ufupi. Wakili au mtu mwenye kesi anajisajili na kufungua akaunti. Anapakia hati yake. Ada inakadiriwa, anapata namba ya malipo ya Mamlaka ya Mapato, analipa benki au kwa simu. Hati inapokelewa mahakamani, inapewa namba, inaingia kwenye jalada. Katika hatua hizi arifa hutumwa kwenye anwani iliyosajiliwa. Hapo ndipo watu kama shangazi wanapopotea, kwa sababu arifa zote zinafanana sura. Zote zina nembo, zote zina namba ya kesi, zote zinakuja kwa Kiingereza cha aina moja. Arifa kwamba hati imepakiwa haina maana kwamba imepokelewa. Arifa kwamba ada imekadiriwa haina maana kwamba kesi ipo. Arifa kwamba mwenzako ameweka hati si hukumu. Inakuambia tu kwamba kuna kitu cha kusoma na pengine cha kujibu. Na arifa ya tarehe ya kusikilizwa, ambayo ndiyo inayoweza kukupotezea kiwanja, haina wino mwekundu wala sauti tofauti. Inalia kama zile nyingine.

Kwa mwanahistoria inapendeza kuona jinsi maswali mapya yanavyojibiwa na kesi za zamani. Mtu anapakia hati jioni ya siku ya mwisho, analipa kesho yake asubuhi. Amewahi au amechelewa? Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2018 za kuwasilisha hati kwa njia ya kielektroniki zinasema hati iliyopakiwa kabla ya saa sita usiku inahesabiwa kuwa ya siku hiyo. Kwetu Uganda kuna kesi ya mwaka 1970, ya kampuni ya UNTA Exports dhidi ya idara ya forodha, iliyoweka msimamo kwamba hati haijawasilishwa ipasavyo mpaka ada ilipwe. Kesi hiyo iliamuliwa siku za mhuri wa mpira na risiti ya karatasi, lakini kivuli chake kinaangukia arifa ya simu. Mtu anayesoma "hati yako imepakiwa" na kwenda kulala kwa amani, huenda anasoma sentensi iliyopungukiwa na risiti.

Majirani zetu wa Kenya wamekwenda hatua moja zaidi, na kwa kuwa Mbale haiko mbali na mpaka, habari zao tunazipata. Mwaka 2020 walibadilisha kanuni zao ili wito uweze kupelekwa kwa barua pepe na hata kwa programu za ujumbe za simu, kwenye namba ya mwisho inayojulikana kwamba mdaiwa aliitumia. Wito unahesabiwa umefika pale mtumaji anapopata uthibitisho kwamba ujumbe umefikishwa. Kila mtu mwenye WhatsApp anajua maana yake: alama mbili. Alama zikigeuka buluu, mwenzako amefungua. Zikibaki za kijivu, simu imepokea tu. Kanuni imechagua simu, haikuchagua macho. Naelewa sababu. Mtu anaweza kuzima hizo alama za buluu, na mdaiwa mjanja angekaa mwaka mzima bila kufungua ujumbe. Lakini ni wazi kwamba katika lugha ya Jaji Mulenga alama mbili za kijivu ni ushahidi wa kufikisha, si wa kujua.

Nimesema kila njia mpya huipa mahakama ushahidi bora. Kwa karatasi, ushahidi ulikuwa sahihi ya mdaiwa, na ilipokosekana, kiapo cha tarishi. Kwa mfumo wa kielektroniki, ushahidi ni kumbukumbu ya mashine: saa, dakika, anwani. Mashine hainywi chai hotelini, wala haisemi imepanda mlima wakati haijapanda. Ni maendeleo makubwa na sitaki kuyadharau. Mwenyewe nimeona mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika mjini, na baada ya hapo shangazi anatundika karatasi zake zote za kesi ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kenchi ya paa. Jalada lisilolowa si jambo dogo kwa watu wa Mbale.

Lakini kumbukumbu ile haitaji aliyenyoosha kidole. Kiapo cha tarishi kililazimika kusema nani alimwonyesha mlango. Arifa haina nafasi ya jina hilo, kwa sababu inadhani mlango ni anwani ya barua pepe. Na mlango huo mara nyingi si wa mwenye kesi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi. Tarehe ya kusikilizwa ilipopangwa, arifa ilitumwa Ijumaa mchana kwenye barua pepe ya ofisi ya wakili wake. Karani aliyekuwa akiifungua barua pepe ile kwenye simu yake, yule yule aliyekuwa akimpelekea picha, alikuwa ameacha kazi wiki mbili kabla. Hakuna mwingine aliyeifungua. Wakili alikuwa safarini. Siku ya kesi upande wa pili ulifika, ukatoa ushahidi, na shauri likaendelea bila shangazi. Alipata habari sokoni, kutoka kwa mama mmoja anayeuza nyanya, ambaye mwanawe alikuwa mahakamani siku hiyo kwa kesi yake. "Wenzako walikuwa wanaeleza mambo ya kile kiwanja," mama yule alimwambia. "Wewe ulikuwa wapi?"

Ikabidi aombe shauri lifunguliwe upya. Sheria inaruhusu, kama mtu hakufikishiwa wito ipasavyo au alizuiwa na sababu ya kutosha. Wakili wa upande wa pili alileta chapa ya kumbukumbu ya mfumo: arifa ilitumwa siku fulani, saa fulani, haikurudishwa. Karatasi ile haikuwa na uongo hata herufi moja. Nilikuwa nimeketi nyuma na shangazi, na nilimtafsiria kwa sauti ya chini. Aliitazama ile karatasi kwa mbali, akaniuliza: "Wanasema niliambiwa?" Nilimjibu kwamba wanasema wakili wake aliambiwa. "Basi wamshtaki wakili," alisema, kwa sauti iliyowafanya watu wawili mbele yetu wageuke.

Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba kosa la wakili lisibebeshwe mteja wake, na Katiba ya 1995 inataka haki itendeke bila kuangalia mno taratibu za kiufundi. Kanuni hizo zilitajwa. Lakini kilichoigeuza siku, kwa nilivyoona mimi, ni yule karani. Alitafutwa, akapatikana kwao kijijini, akakubali kuja, akatoa kiapo kwamba barua pepe ya ofisi ilikuwa ikifunguliwa kwenye simu yake peke yake, kwamba aliacha kazi tarehe fulani, na kwamba hakumwambia mama huyu kuhusu tarehe ile kwa kuwa hakuiona. Alikuwa kijana wa umri wangu, shati lake limepigwa pasi vizuri, na alitetemeka kidogo. Kwa mara ya kwanza katika kesi nzima mtu wa katikati alipata jina kwenye karatasi, kama Amri ya Tano ilivyotaka tangu zamani.

Shauri lilifunguliwa. Shangazi aliamriwa kulipa gharama za upande wa pili za siku ile, naye akalipa kwa mkopo wa chama chao cha akiba sokoni. Hilo mimi silioni kuwa haki, ingawa wanasheria niliowauliza wanaliona la kawaida.

Wenzangu watauliza kama akaunti haingemsaidia. Mtu anaweza kujisajili mwenyewe, na nilimpendekezea. Tulikaa jioni moja na simu yangu, yake ikiwa ndogo mno. Anahitaji barua pepe, hana. Nikamfungulia. Anahitaji neno la siri; akachagua jina la marehemu mumewe, kisha akalikataa, akasema watu wote wanalijua. Anahitaji kusoma Kiingereza. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu maana yake ni kwamba kila arifa italetwa kwangu, na mimi nitamaliza masomo mwakani na huenda nikapangiwa kazi Jinja au mbali zaidi. Nilikuwa nimemwondoa karani mmoja na kujiweka mimi mahali pake. Akaunti tuliifungua hata hivyo, na nimeandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi kilichomo ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kenchi.

Kila Jumatatu, kabla ya kufungua meza yake sokoni, shangazi hupitia mahakamani. Kuna ubao karibu na lango ambapo orodha ya kesi za wiki hubandikwa. Hawezi kusoma mengi, lakini namba ya kesi yake anaijua kwa umbo, na huitafuta kwa kidole kutoka juu hadi chini. Asipoiona humuuliza askari wa mlangoni, ambaye sasa wamezoeana. Juzi aliiona. Alinipigia simu kabla sijaamka, akanisomea tarehe moja moja, na nilipofungua barua pepe yake nikakuta arifa ilikuwa imeingia tangu Alhamisi iliyopita, haijafunguliwa.